Kompyuta ya Kwaya Ndani ya Kompyuta Yangu

Jumatatu, 7 Julai

Siku kubwa! Nimesimama kikaoni nikasema maneno ambayo watu watayakumbuka. Sasa niko nyumbani najaribu kukumbuka nilisema nini.

Kwaya yetu hapa Nyu Kongo, mtaa wa Wakongo katika kambi ya wakimbizi Uganda, ina kompyuta moja, tunaiita Mzee. Sanduku kubwa, zito, lililokuwa jeupe zamani. Ndani yake kuna nyimbo zote alizorekodi marehemu Mwalimu Appolinaire, kiongozi wetu, aliyetutoka mwaka jana. Jumamosi hii mjane wake, Mama Nabintu, anaondoa matanga. Ameomba kitu kimoja tu: asikie sauti ya mume wake kwenye mazoezi yale ya mwisho. Hana sauti yake mahali pengine popote. Simu ya marehemu iliibwa siku ileile ya mazishi, watu wabaya kweli.

Tatizo ni kwamba Mzee anakohoa. Diski yake inapiga kwa-kwa-kwa, kisha kimya, kisha kwa-kwa. Claude, yule Mrundi mwenye duka la fotokopi mkabala na langu, alijaribu juzi kunakili nyimbo. Zilifika kwake kama karatasi nyeupe, hazifunguki. Programu ya Mwalimu ya kurekodi ni ya zamani mno. Inafanya kazi ndani ya Mzee peke yake, na sidi yake ilibaki Uvira tulipokimbia. Claude alikuna kichwa mbele ya watu wote. Nilifurahi. Mungu anisamehe, lakini nilifurahi mingi.

Leo Mama Georgette, mama prezidenti wa kwaya, ameuliza nani ana mawazo. Nikasimama. Nikasema: kama nyimbo hazitaki kutoka ndani ya Mzee, basi tumhamishe Mzee mzima. Diski yote, na programu yake, na uzee wake, igeuzwe faili moja, ifunguliwe ndani ya kompyuta yangu kama kompyuta ndani ya kompyuta. Watu wakaguna. Mama Nabintu akanitazama kama mtu mwenye kiu aliyeona maji. Nilikuwa nimesoma hayo kwenye simu, hadi katikati, ndipo bando likakata.

Mama Georgette ametangaza kwamba atakayefaulu atakuwa chargé, yaani msimamizi, wa ufundi wa kwaya. Chargé! Mimi sasa ni naibu mshauri wa ala, cheo ambacho hata mshauri mwenyewe hakijui. Chargé anakaa mstari wa mbele. Chargé anasalimiwa kwa jina. Claude naye amekohoa kidogo, kama Mzee.

Jumanne, 8 Julai

Nimemfungua Mzee. Vumbi, mende wawili, na diski. Kuiunganisha na laptopu yangu kunahitaji kebo maalumu, na mwenye kebo hapa kambini ni Claude. Nimetumia akili: nimemwambia ninaitaka kwa ajili ya televisheni. Amenipa huku akitabasamu. Sipendi mtu anayetabasamu bila sababu.

Programu ya kuhamisha ina visanduku viwili. Kimoja kinauliza unatoa wapi. Kingine kinauliza unapeleka wapi. Kila kimoja kina majina ya diski, herufi na namba tu, hakuna jina la Mzee wala la kwaya. Nimekaa mbele ya visanduku vile mpaka chai ikapoa. Kutoa. Kupeleka. Nani anatoka, nani anakwenda? Mwisho nimechagua kwa imani, nikabonyeza.

Imefanya kazi mchana kutwa. Katikati imelalamika nafasi haitoshi, nimefuta sinema zote nilizokuwa nauzia wateja. Sadaka kwa ajili ya kwaya. Jioni imesema tayari. Nimefungua lile faili.

Ndani ya kompyuta yangu kumetokea kompyuta. Imewaka vizuri kabisa. Ina picha ya mke wangu Olga amevaa kitenge cha njano, kama yangu. Ina faili la "Madeni ya wateja", kama langu. Ina hata ile sinema mbovu iliyogoma kufutika. Nimeogopa. Nimetazama nyuma yangu kama kuna mtu.

Olga amekuja, akatazama, akauliza kwa upole kama nimejihamisha mwenyewe kutoka nyumbani kwangu kwenda nyumbani kwangu. Nimemwambia haya ni majaribio. Ameuliza Mzee yuko wapi. Nimemwonyesha mezani. "Basi hajatoka hata fasi moja," amesema, akaenda kupika.

Jumatano, 9 Julai

Mbarara. Nimemfunga Mzee, maana yake diski yake, kwenye soksi ya Olga, nikaenda mtaa wa Nyamityobora mjini, kwa Kampire, mwanamke anayetengeneza kompyuta kwenye chumba kilichojaa kompyuta zilizokufa. Nimemweleza kila kitu isipokuwa kosa la jana. Amefungua laptopu yangu, akaona kosa la jana. Amecheka hadi jirani akaja kuuliza.

"Wewe sebo," amesema, yaani bwana, "umejipiga picha wewe mwenyewe halafu unauliza picha ya baba iko wapi?"

Ameweka diski sikioni kama daktari. Ameacha kucheka. Amesema hii iko mgonjwa sana, inaweza kuenda leo, inaweza kuenda kesho. Ameiunganisha na mashine yake, amechagua vile visanduku bila hata kutazama. Hilo limeniudhi. Mtu angalau angejifanya anafikiri.

Kwa kuwa kazi ni ya siku nzima, amenifukuza dukani. Ninauliza sana, anasema. Nimepanda hadi Kamukuzi, kwenye maofisi ya serikali, nimesimama kando ya barabara kutazama jinsi wakubwa wanavyotembea. Wanatembea polepole, simu sikioni hata kama hakuna anayepiga. Nimejaribu kutoka getini hadi kwenye kona na kurudi. Askari ameniuliza ninatafuta nani. Nimesema naangalia mazingira. Ameniambia niyaangalie kutoka mbali.

Nimerudi, faili liko tayari. Mzee mzima, ndani ya faili moja! Amenipakilia kwenye laptopu. Kisha amenipa masharti. Moja, ile diski ya zamani usiiguse tena, iache ilale ndani ya soksi yake. La pili sikulisikia vizuri kwa sababu nilikuwa nafikiria mstari wa mbele. Lilihusu kopi. Amesema pia yeye anabaki na yake dukani kidogo, "ju watu kama wewe mnarudi." Nimejibu kwa heshima kwamba chargé harudi. Ameuliza chargé ni nini. Hawa watu wa Uganda wana mengi ya kujifunza.

Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi nimemwasha Mzee ndani ya laptopu. Skrini ya bluu. Maandishi meupe. Nimezima, nimewasha, bluu. Nimeomba. Bluu. Nimebadilisha kitu nisichokijua kwenye mipangilio, nikakirudisha, nikabadilisha jirani yake. Amewaka!

Ila akagoma kunipokea. Akaandika kwamba vifaa vyake vimebadilika, kwamba hatambui mahali alipo, athibitishwe kwanza. Nikaelewa mara moja. Mama yangu, hata kompyuta inafanyiwa verification kama mkimbizi! Umetoka kwenu, umeingia nyumba ya mtu mwingine, hakuna anayekuamini mpaka uonyeshe namba. Nimemwonea huruma kabisa. Nimemwambia kwa sauti: Mzee, vumilia, sote tulipitia hapo. Namba ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa sanduku lake la zamani, chini ya vumbi. Amekubali.

Na hapo akatanda! Skrini yote. Picha ya kwaya, sisi wote na sare za bluu, Mwalimu Appolinaire katikati ameshika fimbo yake. Olga hayupo. Madeni hayapo. Laptopu yangu haipo! Nimesogeza mshale, mshale umegota ukutani, hautoki. Je, Mzee amenimeza? Niko ndani yake au yeye yuko ndani yangu? Nikiandika barua sasa, nani anaipokea?

Claude amepita mlangoni, akauliza televisheni inaendeleaje. Nimejibu inaonyesha vizuri. Alipoondoka nimechomoa betri. Kuwasha tena: Olga, kitenge cha njano. Sijawahi kufurahi kumwona hivi, nimemwambia hata yeye mwenyewe, ameniuliza nimevunja nini.

Baadaye nimeingia tena kwa Mzee, kwa tahadhari. Programu ya Mwalimu imefunguka! Orodha ya nyimbo yote iko pale, na chini kabisa: "Mazoezi ya mwisho." Mkono ulikuwa unawasha. Lakini sikufungua. Sauti ya marehemu, wa kwanza kuisikia ni mjane. Hilo hata mimi najua.

Nimeenda kumwambia Mama Nabintu. Alikuwa anachambua maharage. Ameendelea kuchambua, mawe akayatupa kwenye sufuria na maharage chini. Kisha ameniambia kwamba siku hizi anajaribu kuisikia ile sauti kichwani na haiji, sura inakuja lakini sauti haiji, na anaogopa. Nimeondoka haraka. Nilikuwa na vumbi machoni.

Ijumaa, 11 Julai

Sitaki kuandika. Ninaandika.

Wazo lilikuwa langu, na lilikuwa zuri. Kwetu mtu hashiki ofisi bila makabidhiano. Anayetoka anasimama, anayeingia anasimama, shahidi yupo, na anayetoka anaondoka mikono mitupu, asibaki na hata kalamu ya ofisi. Remise-reprise. Baba yangu alifanyiwa hivyo kwenye ofisi ya ushuru, na tarumbeta ilipigwa. Nikamwambia Mama Georgette: Mzee hawezi kuondoka kienyeji. Amkabidhi laptopu ofisi mbele ya kwaya nzima, kisha nyimbo zifutwe kwake, ili pasiwe na wenye ofisi wawili. Amependa sana. Amesema kweli mimi ni mtu wa utaratibu.

Kwa hiyo nimeitoa diski kwenye soksi na kuirudisha kwenye sanduku. Kampire alikataza, najua. Lakini Kampire si mwanakwaya.

Mchana, kanisani. Watu wengi kuliko mazoezi yoyote. Ili wote waone vizuri nilikuwa nimeazima skrini ya pili kwa Claude (nimemwambia ni ya televisheni ya pili, akatabasamu), nikaichomeka kwenye laptopu, laptopu nikaificha chini ya meza. Juu ya meza kitenge cha kwaya, skrini mbili zinazofanana, kushoto ya Mzee, kulia ya laptopu. Zote mbili picha ileile ya kwaya. Panya wawili, wote weusi, nyaya chini ya kitenge. Ilipendeza!

Mama Georgette ameangalia meza, akasema anayetoka hawezi kukaa upande huo, jua linamwakia usoni. Kabla sijafungua mdomo, wababa wawili wa sauti ya nne wamekwisha badilisha skrini pamoja na panya wao. Tukaomba. Nikahutubia. Nimemshukuru Mzee kwa utumishi wake, nimemtakia pumziko, watu wamesema amina. Nikashika panya, nikatazama skrini ya kushoto, nikachagua nyimbo zote. Nikafuta. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Nikawageukia watu nikawauliza: tuna hakika? Wakaitika: tuna hakika! Nikamwaga na pipa la takataka. Makofi, vigelegele.

Katikati ya vigelegele, sanduku la Mzee limepiga kwa-kwa-kwa. Kisha kwa. Kisha basi. Skrini ya kulia imekuwa nyeusi.

Ya kulia! Kama Mzee ni wa kulia, basi mimi nimefuta wapi? Nimetazama kushoto. Nimetazama kulia. Nimefuata waya kwa mguu chini ya meza. Waya wa panya niliyemshika ulikuwa unaingia kwenye laptopu.

Mzee amekufa na nyimbo zake. Laptopu ni nzima na haina kitu. Na watu wanapiga makofi.

Sikusema. Mama Georgette amesema hata Mzee amejua kazi yake imekwisha, ameondoka kwa heshima, na watu wamefuta machozi. Mama Nabintu amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Amesema asante, papa Parfait, kesho nitamusikia. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Claude peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anatazama chini ya meza.

Jumamosi, 12 Julai

Alfajiri nimempigia Kampire. Nikaanza mbali: hujambo, watoto, biashara. Amenikatiza, akauliza nimefuta nini. Nimesema kuna hitilafu ndogo. Amesema, "Bambi, pole. Kopi iko hapa, kuja haraka, mimi naenda harusini."

Shughuli ya matanga ilikuwa mchana. Pikipiki ya karibu ni ya nani? Ya Claude, bila shaka. Nimemwambia nina haja ya haraka ya kebo fulani ya Mbarara, kebo ya kitaalamu. Hakuuliza. Amewasha, nimepanda na laptopu kifuani kama mtoto mchanga. Njia nzima hakusema neno, na ile ni njia ndefu kunyamaza na mtu unayemdanganya.

Nyamityobora, Kampire tayari amevaa gomesi, gauni lake la harusini. Ameeleza kila kitu kwa sauti, mlangoni, mbele ya Claude: visanduku, soksi, masharti, lile la pili nisilolisikia. Lilikuwa: tengeneza kopi nyingine kabla ya kuchezea. Claude amekaa juu ya kompyuta iliyokufa, amecheka mpaka akashika ubavu. Nilingoja aseme kitu cha kunimaliza. Amefuta macho, akamwomba Kampire ampe na yeye kopi moja, ya akiba, kisha akasema twende, mama anangoja.

Tumefika watu wamekwisha kula. Mama Nabintu amevua nguo nyeusi, amevaa kitenge kipya, amekaa kiti cha mbele. Nimeweka laptopu, nimechomeka spika. Picha ya kwaya. Orodha. Mazoezi ya mwisho. Nimebonyeza.

Mwanzoni mabenchi yanakwaruza. Mtu anakohoa. Kisha, wazi kabisa, kama mtu aliyesimama mlangoni:

"Parfait! Toa mukono kwa iyo mashini! Niko nakwambia mara ngapi, usiguse kitu!"

Mkono wangu ulikuwa juu ya panya. Nimeutoa kabla sijafikiri. Uwanja mzima umelipuka. Mama Georgette amecheka hadi kilemba kikaanguka. Claude simsemi.

Sauti ikaendelea, sasa polepole. "Bon. Tuanze. Nabintu, uko fasi gani? Kuya karibu, mama. Nakusikia mbali."

Kicheko kimekatika. Mama Nabintu amesimama. Amebeba kiti chake mwenyewe, hakuna aliyethubutu kumsaidia, amekwenda kukiweka karibu na spika, karibu sana, magoti yakaigusa. Wimbo umeanza. Kwaya ya ndani ya kompyuta ikaimba, na sisi wa nje tukaingia nayo, mmoja mmoja. Yeye aliingia wa mwisho, na sauti yake haikuwa mbali tena. Nimelia kabisa, sikusingizia vumbi.

Jumatatu, 14 Julai

Kikao cha kwaya. Kwa kauli moja, chargé wa ufundi ni Claude. Mimi nimepewa cheo kipya, mlinzi wa mlango wa chumba cha ufundi. Upande wa nje.

Sina kinyongo. Watu hawakusikiliza kwa makini, basi. Marehemu, katika rekodi yake ya mwisho hapa duniani, alitaja jina la nani kwanza? Langu! Kabla ya mke wake! Nimemweleza Olga hilo. Ameniomba nisimweleze mtu mwingine.

Na ule uhamishaji wa kompyuta sasa ninauelewa kabisa. Leo Claude amekwenda Oruchinga kwa pikipiki, akaniomba nimwangalizie duka. Ameniachia ufunguo na tabasamu lile. Kompyuta yake iko hapa mbele yangu. Nimewaza: chargé mpya anafanyaje kazi, ana siri gani, anapanga nini? Nikimhamisha mzima ndani ya laptopu yangu nitajua yote, naye hatajua. Kebo yake ninayo bado, hakuidai. Visanduku ni vilevile viwili. Kutoa, kupeleka. Safari hii sikukawia, hata chai haikupoa. Nimechagua, nimebonyeza, imeuliza kama nina hakika, nimesema nina hakika.

Imekwisha sasa hivi. Nimezima na kuwasha kompyuta ya Claude, ili aikute kama alivyoiacha. Olga ameleta chakula, akasimama nyuma yangu, akauliza kwa nini picha yake na kitenge cha njano iko kwenye skrini ya Claude.

Nimemwambia asiguse kitu.